Karani wa Ukuta wa Posta

Karani alikuwa mwoga. Naanza na hilo mimi mwenyewe, kabla hujalisikia kwa watu wa mtaa wa Galbet, maana wao wakilisema wanacheka, na wakicheka mbele yangu mtu ataoga chai ya moto. Nimeshafanya, nitafanya tena. Lakini ukweli ni ukweli. Alikuwa mwoga kuliko mtu yeyote niliyemjua, na mimi nimekaa Garissa miaka yote hii ya vita vya shifta, waasi wa huku kwetu, waoga nimewaona wa kila aina, na mimi nimo ndani.

Landrova ya askari ikiwa bado kule darajani, sisi wengine hatujasikia hata mlio, yeye ameshafunga chupa ya wino. Chai alikunywa amesimama. Kazini alikaa mgongo umeshika ukuta wa posta, jua lichome lisichome. "Mgongo hauna macho, adeer," aliniambia. Adeer kwetu ni baba mdogo. Mimi nilimwita hivyo kwa heshima na yeye akanirudishia neno lile lile, ndivyo mzee wa kwetu anavyomwita hata binti. Siku moja mbuzi alipanda juu ya bati la duka jirani, bati likalia, na kabla hatujageuza shingo Karani alikuwa chini kifudifudi, mikono kichwani, kalamu mdomoni. Soko lilicheka mpaka watu wakakaa. Aliinuka, akajikung'uta vumbi, akasema, "Chekeni. Siku ambayo si mbuzi, mimi nitakuwa nimelala na nyinyi mmesimama."

Hakuna aliyecheka tena siku hiyo.

Jina lake sitaji. Ukoo wake pia sitaji, na kwetu ukoo ndio unaulizwa kwanza, hata kabla mgeni hajapewa maji. Wanasema vita vimekwisha, wakubwa wameshikana mikono. Sawa. Lakini amri ya hatari bado iko, na mimi bado nikisikia lori nahesabu watu wa nyumbani kwa vidole. Kwa hivyo Karani, basi. Soko zima lilimwita hivyo na yeye akaitika.

Ofisi hakuwa nayo. Alikuwa na meza ya mbao za masanduku ya chai, kiti kimoja chake na jiwe moja la mteja. Mimi jiko langu lilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Nauza chai, nauza mandazi, nauza na maneno, watu wanasema maneno yangu ni ya bure ndiyo maana mengi. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari. Nikikwama kwenye neno nilipiga kelele kutoka jikoni, "Adeer! Hii ni nini, s-h-e-r-i-a?" na yeye akajibu bila kuinua kichwa. Ndivyo nilivyojua Kiswahili cha kuandika. Hakunifundisha, usije ukamwambia mtu kwamba alinifundisha. Nilimwibia.

Watu walimletea shida zao zote. Mchungaji anataka kibali cha kuvusha mbuzi. Mama mtoto wake alipandishwa lori Jumatatu na leo ni Ijumaa. Wafugaji wakati huo walikuwa wametolewa malishoni kwa nguvu wakawekwa kwenye vijiji vya kulindwa, seng'enge pande zote, mlango mmoja, unaingia kwa kuhesabiwa unatoka kwa kuhesabiwa. Mnyama akikutwa nje ya mpaka anapigwa risasi. Mtu akikutwa nje baada ya jua kuzama, hata swali haulizwi. Sasa mtu wa namna hiyo, hajui kusoma, hajui kosa lake, anakuja kukaa juu ya jiwe la Karani na kusema, "Waandikie kwamba sisi si shifta."

"Wewe na nani?" Karani anauliza.

"Sisi sote."

"Sisi Sote hayuko gerezani. Nipe jina la aliyekamatwa. Na la baba yake. Na la babu yake."

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake, majina. Mkono unatetemeka, jasho linadondoka kwenye karatasi, lakini jina hataandika nusu. Mteja anaogopa, anasema andika tu fulani, na Karani, mwoga wa mbuzi, anakataa kabisa.

Asije akaja mtu kusema namsifu kama walii. Alikuwa na uongo wake. Alisema aliwahi kufika Adeni, na kila mara meli ilikuwa na rangi nyingine. Alisema chai yangu haina sukari, kila siku, apate kijiko cha tatu. Alimwambia mke wake kwamba swala ya alasiri aliswali kumbe alikuwa amelala. Lakini kulikuwa na jambo moja hakuwahi kuliongopea, nalo ni shairi.

Kwetu shairi lina mwenyewe. Huwezi kusimama ukaimba tu. Kwanza unasema, hii imetungwa na fulani bin fulani, ndipo unafungua mdomo, na ukipunguza neno moja wazee wanakusimamisha hapo hapo. Ngamia ana alama ya moto shingoni kuonyesha ni wa nani, shairi lina jina mbele. Ukiimba la mwenzako kama lako, wewe ni mwizi wa mifugo, tena mbaya zaidi, maana ngamia wa wizi akichinjwa mambo yamekwisha lakini shairi la wizi linaishi kukusema. Karani alijua mashairi mengi kwa kichwa kuliko nywele alizobaki nazo, na hakuna hata moja alilosema ni lake. "Mimi ni kisanduku," alisema. "Kisanduku hakijisifu nguo."

Kuna dereva mmoja aliyekuwa na mke kule Rhamu, na mke huyo amemkasirikia. Akaja kwa Karani: niandikie maneno matamu. Karani akachagua beti tatu za zamani, nzuri mpaka mimi nilisahau mandazi yakaungua. Kisha chini akaandika, kama kawaida yake, maneno haya yametungwa na fulani bin fulani. Dereva hajui kusoma, akapeleka barua. Jibu likaja baada ya mwezi. Karani akamsomea: "Mke wako anasema wewe usisumbuke kuja. Aje huyo fulani."

"Huyo fulani yuko wapi nikamvunje miguu?"

"Amekufa kabla mke wako hajazaliwa," Karani akasema. "Kwa hivyo nenda tu wewe."

Huyo ndiye alikuwa. Sasa kuhusu kile chama.

Mwalimu mmoja wa kutoka nje alipita Garissa akasahau kijitabu kwenye jiwe la Karani. Nyuma kulikuwa na anwani ya chama cha waandishi wa dunia, kina ofisi kwenye mji wa baridi huko ng'ambo. Jina lake ni refu na sitaliandika. Karani akawaandikia kuuliza: mtu anayeandika barua za watu wengine, naye ni mwandishi? Wakajibu kwamba ni mwandishi. Ile barua alitembea nayo mfukoni mpaka ikakatika kwenye mikunjo. Mimi nilimcheka. Halafu nikamwona anaishona kwa uzi mweupe, nikanyamaza.

Wakaanza kumletea vijitabu. Ndani kulikuwa na mashairi ya watu wa lugha ambazo hata hatukujua ziko, yamegeuzwa kwa Kiingereza. Na kila kijitabu, ukurasa wa mwisho, orodha: mwandishi huyu amefungwa nchi hii kwa sababu ya alichoandika. Tafadhali mwandikie mkubwa wa nchi hiyo. Usitukane. Taja jina lake lote. Omba jambo moja tu.

Karani akaandika. Wallahi aliandika. Garissa iko chini ya amri ya hatari, sisi wenyewe tunapumua kwa ruhusa, na yeye anamwandikia mkubwa wa nchi ya theluji kuhusu mshairi ambaye hata jina lake halitamkiki.

"Adeer," nikamwambia, "jua likizama huwezi kwenda hata choo cha uani bila kuogopa risasi. Unamwombea mtu wa huko?"

"Wanataka barua kutoka kila mahali. Garissa si mahali?"

"Na huyo mkubwa ataisoma?"

"Hatasoma. Karani wake atasoma. Mimi ni karani, najua. Ukisoma jina moja mara mia ofisini, linakufuata mpaka nyumbani, linakaa na watoto wako kula."

Alishika mkono wa kalamu kwa mkono mwingine, kama mtu anayemshika ndama.

Kisha wakamwandikia: kutoka upande wenu hatuna shairi hata moja. Tutumie. Na wakaongeza, kwa wema tu, kwamba kama ni hatari basi jina la mtunzi liachwe, wao wataandika hajulikani.

Sijawahi kumwona amekasirika hivyo. "Hajulikani!" akapiga meza mpaka wino ukaruka. "Ana baba. Ana babu. Ana kisima. Hajulikani na nani?"

Alikuwa anamsema mtu hasa. Kulikuwa na mama mmoja kwenye kijiji cha kulindwa nje ya mji, watoto watatu, mume hayupo. Nitamwita Mama tu. Ngamia wake walipigwa risasi wote kisimani, kwa sababu kisima kilikuwa ng'ambo ya mpaka na ngamia hawajui kusoma amri. Alitunga shairi juu ya asubuhi hiyo. Maneno yake sitayaandika hapa hata mstari mmoja, lakini nakuambia, ukilisikia mara moja unajua kila ngamia alianguka upande gani, na nani alishika bunduki, na alivaa nini. Na jambo moja ulijue sasa hivi, usije ukachanganyikiwa mbele. Kwetu wanaume wana mizani yao ya shairi, na wanawake wana yao, yenye makofi ndani yake. Hata kipofu anajua, mstari wa kwanza tu, hii ni ya mwanamke.

Karani alienda mpaka mlango wa seng'enge akamwomba ruhusa. Mama akasema, "Iende. Wanyama wangu wamefia hapa, acha waliliwe huko."

"Na jina?"

"Kwani mimi nimeiba?"

Basi Karani akaandika kwa herufi za Kizungu, lugha yetu haina herufi zake, na juu kabisa akaweka jina la Mama, la baba yake, la babu yake. Tuligombana siku nzima. Nilimwambia toa. Nilimwambia una wazimu. Nilimwambia mambo ambayo binti hamwambii mzee.

"Nikitoa jina litakuwa shairi la nani?" akauliza. "La aliyelileta. Huo ni wizi, adeer. Barua za ng'ambo hawafungui. Nimetuma ngapi?"

Hapo alikosea. Mtu aliyeogopa mbuzi hakuogopa pale penyewe pa kuogopa.

Bahasha nilipeleka mimi, kama zote. Ukuta wa posta aliuegemea miaka, ndani hakuingia, alisema pana mihuri mingi. Niko kwenye foleni asubuhi, watu wanne mbele yangu, ndipo nikaona. Pale dirishani kulikuwa na askari, na pembeni yake mkalimani wa ofisi ya usalama. Huyu alikuwa mtu wetu, kaptula imepigwa pasi, alitafsiri maneno yetu kwa wakubwa na kila mtu alimchukia. Walikuwa wanafungua barua. Moja moja. Za ng'ambo kwanza.

Nikageuka. Mlangoni askari wa pili.

Watu watatu mbele. Nilivuta shuka juu ya mikono, nikaingiza ukucha kwenye gundi ya bahasha, nikavuta karatasi kidogo, nikararua ule ukanda wa juu wenye majina. Ulilia, nakuapia, ulilia kama bati la mbuzi, na mimi nikakohoa kwa nguvu. Watu wawili. Nikauweka mdomoni. Wino ni mchungu kama kwinini. Nilimtafuna Mama, nikamtafuna baba yake, babu yake alinikwama kooni. Mtu mmoja.

"Ah, Mdomo," mkalimani akasema. Ndivyo aliniita. "Leo kimya?"

Nikameza. "Nimeamka na koo."

Wakaifungua. Mkalimani akasoma kwa macho, polepole, na nikaona sikio lake linaanza kusogea kama la mtu anayesikiliza mbali. Akamwambia askari kitu. Nilishikwa mkono. Karani walimtoa ukutani. Niliona kwa dirisha, hakukimbia. Yule aliyelala kifudifudi kwa ajili ya mbuzi alisimama tu, kofia mkononi.

Chumba kilikuwa kidogo, meza moja, na nyuma yake afande, mtu wa bara, macho mekundu ya kukosa usingizi. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeweza kujibu kelele, hiyo naiweza. Alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai:

"Hii inasema askari wameua ngamia wa raia. Inaenda nje. Ni ya nani?"

Karani alikunja kofia yake. Alitetemeka mpaka meno yakagonga. Najua alichokuwa anafikiri: jina liko juu, wameshalisoma, wameshamtuma mtu kijijini. Kisha karatasi ikageuzwa na akaona ule upande wa juu, umeng'oka. Akaniangalia mara moja. Nitakuambia kilichokuwa kwenye macho yale, na ukicheka shauri yako: kwanza ilikuwa hasira. Mle ndani, tukiwa tunakaribia kufa, mzee alinikasirikia kwa kukata jina la mtu kwenye shairi lake. Halafu hasira ikaondoka, na akawa kama mtu anayetazama mto aliokatazwa kuvuka.

"Ni yangu," akasema.

"Yako wewe?"

"Nimetunga mimi."

"Hapa juu kulikuwa na nini?"

"Jina langu."

"Nani amelirarua?"

"Mimi. Niliogopa, afande."

Hiyo ya mwisho hakuna hakimu duniani angeikataa.

Afande akamgeukia mkalimani. "Wewe ni mtu wao. Mzee kama huyu anatunga?"

Mkalimani akamwambia Karani kwa lugha yetu, taratibu, "Imba. Kama ulivyotunga."

Na Karani akafumba macho akaimba. Mzee wa ndevu, na mizani ya wanawake. Sauti inapasuka, mahali pa makofi anapumua. Ilikuwa kama kumwona baba yako amevaa nguo ya mke wake mbele ya wakwe. Mimi nilimwangalia mkalimani tu. Alijua. Mstari wa kwanza alijua, niliona kidole chake kikigonga pajani mahali pa makofi. Na akijua ni ya mwanamke, basi ni mwanamke gani aliyepoteza ngamia kisimani? Ni mmoja tu. Dakika kumi kwa Landrova. Watoto watatu. Tumbo langu lilikuwa na jina lake ndani na nilihisi linaonekana kwa nje.

Karani akamaliza. Nzi mmoja akatua kwenye karatasi.

"Ni yake, afande," mkalimani akasema. "Mbaya namna hii, nani mwingine angekubali kuitwa mwenyewe?"

Afande akacheka kidogo kwa pua. Kisha akaninyooshea kidole. "Na huyu?"

"Huyo?" Karani hakunitazama hata. "Muuza chai. Hajui hata alifu. Nilimpa bahasha kama ningempa punda."

Mimi! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mdomo ulikuwa umefunguka tayari, nusu ya tusi iko mlangoni, ndipo nikaelewa. Nikaufunga. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimebeba maji kutoka mtoni nikiwa na homa.

Afande akanipa karatasi. "Soma."

Alinipa kichwa chini, kwa makusudi, na akaangalia si karatasi bali macho yangu. Macho niliyoyafundisha mwenyewe kwa magazeti ya sukari yalitaka kuigeuza. Nikayaambia, nyinyi leo ni macho ya ng'ombe. Nikaishika vile vile kichwa chini, nikaitazama kama ukuta.

"Wino mzuri," nikasema.

Akanifukuza. Karani hakutoka. Mchana ule ule lori liliondoka naye, kaketi katikati ya askari wawili, na hakuna ukuta wa kuegemea.

Nilikwenda kijijini kesho yake, nikahesabiwa kuingia, nikamwambia Mama. Aliinuka kwanza kwenda kujitoa mwenyewe. Nilimshika nguo. "Na hawa watatu, eeddo? Utawaachia seng'enge?" Eeddo ni shangazi, ndivyo tunavyomwita mama wa watu. Akakaa.

"Aliimba vizuri?" akauliza mwisho.

"Vibaya sana, eeddo."

"Mungu amsamehe," akasema, akalia.

Mjini habari ilifika kabla yangu. Watu hawakujua yaliyokuwa mle ndani, walijua tu kwamba Karani amesema shairi ni lake, na kila mwenye masikio alijua ni la mwanamke. "Mwizi wa nyimbo za wanawake," wanaume wakasema kwenye jiko langu, wakinywa chai yangu. "Waryaa, mzee wa majina, kumbe!" Waryaa ni kama kusema wewe bwana, na walimwita mtu asiyekuwepo. Nami siwezi kuwajibu. Nikisema hakuiba, nimetaja aliyeibiwa. Kwa hiyo nikamwaga chai. Wateja sita nilipoteza kwa mwezi mmoja na sijuti hata mmoja.

Kisha nikawaandikia wale wa chama. Mimi mwenyewe, kwa Kiswahili, makosa kila mstari. Nilimpa dereva wa lori la ng'ombe linalokwenda Thika, aiposti huko, na siku tatu sikulala, kila kishindo nadhani ni dereva amekamatwa. Nilifuata sheria zao. Sikutukana. Nilitaja jina la Karani lote, la baba, la babu. Niliomba jambo moja tu. Na wao wangetaka kujua amefungwa kwa shairi gani, kwa hivyo nikaliandika, lote, nalijua kwa kichwa. Halafu ikabidi niandike jina juu yake. Kalamu ilisimama pale. Nilishika mkono kwa mkono mwingine. Nikaandika jina la Karani juu ya shairi la Mama, na ndivyo nikawa mwizi wa pili.

Sijui barua za wale wa chama zilifanya nini. Sitaki kukudanganya. Siku moja mkalimani alikuja kunywa chai, mara ya kwanza, akasimama mbali na wengine. "Zinakuja kwa gunia," akasema huku anatazama kikombe. "Kila moja jina lile lile. Moja ina stempu ya samaki. Afande anasema hajui hata hizo nchi ziko wapi." Akaacha kikombe nusu akaenda. Labda ni barua, labda ni habari za amani zilizoanza, labda Karani alikuwa anakohoa sana na hawakutaka afie mikononi mwao. Misimu miwili ya mvua ilipita. Halafu kijitabu kikafika, bahasha imefunguliwa na kufungwa tena, na ndani lile shairi, kwa Kiingereza, na jina lake juu kwa herufi kubwa nyeusi.

Alirudi mwaka huu, asubuhi ya kawaida, nimepuliza moto. Niliona mtu mwembamba anakuja kutoka kwenye malori, nikadhani ni mgeni. Wanaume wawili jikoni wakaanza, "Ah! Mwimbaji wetu..." Niliwaangalia tu. Nadhani walikumbuka ngozi yao. Waliondoka.

Karani akakaa juu ya kigoda changu, katikati ya njia, watu wanapita nyuma yake. Landrova ilipita. Hakugeuka. Nikampa chai akaipokea kwa mkono mmoja na mkono haukutikisika hata kidogo, na hapo ndipo niliogopa sana, nikafikiri, wamemrudisha mwingine. Nilisema maneno mengi, siyakumbuki. Nikamwonyesha kijitabu. Alisoma jina lake. Akalifunika kwa kiganja.

"Nitawaandikia leo," nikasema haraka. "Nitawaambia lilikuwa kosa langu. Leo leo, adeer, kabla ya—"

"Yule mama," akasema.

Akaishia hapo. Kikombe kilianza kugonga kwenye kisahani. Mkono mzima sasa, mpaka bega, vile vile kama zamani.

"Tangu waliponifungulia mlango naogopa kumuuliza mtu," akasema. "Yuko hai?"

"Yuko hai, adeer. Juzi alileta maziwa hapa hapa. Watoto wote wazima."

"Hakuna aliyekwenda kumuuliza kitu?"

"Hakuna hata mmoja. Hawajui."

Aliweka kikombe chini kabla hakijamwagika, akajifuta uso wote kwa mikono miwili, kutoka juu mpaka ndevuni, kama mtu aliyemaliza dua.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi usiandike. Bado mimi ni mwizi."